Nani Amekupa Kibali?

Hotuba iliyotolewa Dodoma, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari, 3 Mei

Mbukwenyi!

Ahsanteni kwa kuitikia. Ndugu zangu waandishi, vijana mnaosomea kazi hii vyuoni, mama zangu na baba zangu mlioacha shughuli zenu asubuhi hii: nimeombwa nizungumzie sheria na mipaka ya uhuru wa habari. Naomba nianze na mawe.

Jirani na ofisi yangu yupo kijana anayetandaza magazeti juu ya turubai. Upepo wa Dodoma mnaujua wenyewe, hasa ukiingia mwezi wa saba. Kwa hiyo kila gazeti analiwekea jiwe lake. Watu wanachuchumaa, wanasoma vichwa vya habari, wanabishana, wanaondoka. Mmoja kati ya kumi ananunua. Siku moja nilipita nikakuta jiwe moja limekaa juu ya turubai tupu.

"Hili vipi?" nikamuuliza.

"Limefungiwa, wakili. Walitangaza jana usiku."

"Kwa kosa gani?"

"Kosa sijui. Mimi nimeambiwa tu halitakuja."

Lile jiwe hakuliondoa. Lilikaa pale wiki nzima, na kila mteja wa gazeti lile alipofika alilitazama jiwe kwanza, ndipo akamtazama kijana.

Nimefanya kazi ya sheria miaka mingi sasa, na bado naona maswali yote makubwa ya uhuru wa habari yalikuwa pale juu ya turubai. Nani aliliondoa gazeti lile, hakimu au afisa? Mhariri alisikilizwa kabla, au aliletewa barua? Na msomaji, ambaye hakushtakiwa kwa lolote, haki yake ya kupata habari ilipotea kwa amri ya nani?

Kabla ya kusoma sheria nilikuwa mwandishi wa mkoani. Nililipwa kwa habari iliyotoka. Isiyotoka ilikuwa hasara yangu na nauli yangu. Msimu mmoja wa mavuno nilikwenda kwenye soko la mahindi kuandika habari za lumbesa. Wenzangu wa Kongwa mnaifahamu lumbesa: gunia linashonewa kilemba juu mpaka linainama, mkulima analipwa bei ya gunia moja. Nilihesabu madebe, nikaandika majina ya wakulima waliokubali kutajwa, nikapima gunia moja kwenye mizani ya jirani. Kabla sijamaliza niliitwa kwenye ofisi moja ya umma. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nilipoingia, bwana yule hakuniuliza kama niliyoyaandika ni ya kweli. Aliniuliza: "Nani amekupa kibali cha kuzungumza na wakulima?"

Daftari langu lilirudi likiwa limepungua kurasa nne. Habari haikutoka. Wakulima wale wakaendelea kushona vilemba. Swali la yule bwana ndilo lililonipeleka kusoma sheria, na ndilo nitakalolifuata leo, maana lina umri mkubwa kuliko nchi yetu.

Uingereza, mwaka 1662, Bunge lao lilipitisha sheria kwamba hakuna kitabu wala karatasi ya habari kupigwa chapa bila leseni. Mwandiko ulipelekwa kwanza kwa mkaguzi. Akiupenda ulichapwa, asipoupenda ulifia mezani kwake. Sheria ile ilikuwa ya muda na ikawa inahuishwa, mpaka mwaka 1695 Bunge likaiacha ikafa. Kuanzia hapo wanasheria wao wakajenga kanuni ambayo William Blackstone aliiandika wazi miaka ya 1760: uhuru wa habari ni kutokuwepo kizuizi kabla ya kuchapa. Chapa kwanza, ukivunja sheria utajibu baadaye mahakamani.

Msidhani mambo yakawa mepesi. Leseni ilikufa, kosa la uchochezi, yaani kusema maneno ya kuwachukiza watu na serikali yao, likabaki. Na katika mashtaka ya uchochezi wa siku hizo, ukweli haukuwa utetezi. Ukisema gavana ni mla rushwa na kweli ni mla rushwa, kosa lako lilihesabiwa kuwa zito zaidi, kwa kuwa watu wangekuamini. Mwaka 1735, New York, wakati ule ikiwa koloni la Waingereza, mpiga chapa John Peter Zenger alishtakiwa kwa kumwandika vibaya gavana. Wakili wake, Andrew Hamilton, akakiri mbele ya mahakama kwamba mteja wake alichapa maneno yale, kisha akaliomba baraza la wazee wa mahakama lijiulize kama ni ya uongo. Wakamwachia huru. Hukumu ile haikubadili sheria siku ile, lakini iliingiza swali la ukweli mahali ambapo lilikuwa limekatazwa kuingia.

Sasa tuje nyumbani. Yale ambayo Waingereza waliyakataa kwao karne mbili kabla, huku waliyaleta. Tanganyika ilipata Sheria ya Magazeti mwaka 1928, yenye kuandikisha magazeti, na Kanuni ya Adhabu mwaka 1930, yenye kosa la uchochezi. Mwaka 1958 wahariri wawili wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa miezi sita kwa uchochezi. Mwaka huohuo alipandishwa kizimbani Mwalimu Nyerere mwenyewe. Alikuwa ameandika katika Sauti ya TANU, jarida la chama, akiwalaumu mabwana wilaya wawili, wa Songea na wa Musoma. Shtaka likawa kashfa ya jinai. Alitiwa hatiani, akaambiwa achague: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa.

Nawaomba vijana mtulie hapo kidogo. Baba wa Taifa hili alipatikana na hatia ya kosa la maandishi. Alijua uchungu wa sheria ile mwilini mwake. Na bado, nchi ilipokuwa mikononi mwetu, hatukuifuta. Mwaka 1968 ile Sheria ya Magazeti ya 1928 ilirekebishwa ikampa Rais uwezo wa kulifungia gazeti. Mwaka 1976 Bunge letu likatunga Sheria ya Magazeti, Namba 3 ya mwaka huo, ikachukua mahali pa ile ya 1928, na uchochezi na kashfa ya jinai vikahamishiwa humo. Kifungu cha 25 kikamkabidhi Waziri kalamu: akiona kwamba ni kwa maslahi ya umma, au kwa ajili ya amani na utulivu, ataagiza kwa tangazo katika Gazeti la Serikali kwamba gazeti fulani likome kuchapishwa.

Neno la kulitazama ni "akiona". Kifungu hakikusema ikithibitika, wala mahakama ikiridhika. Kilisema akiona. Mhariri hakuwa na pa kusimama aseme lake kabla ya amri. Ninamheshimu sana Mwalimu na kizazi chake. Walikuwa na nchi changa, na hofu zao nyingi zilikuwa za kweli. Lakini heshima hainizuii kusema kwamba hapa walikosea, na kosa lile lilidumu miaka arobaini.

Haki za binadamu ziliingia kwenye Katiba kwa marekebisho ya 1984, na mahakama zikaruhusiwa kuanza kuzisimamia Machi 1988. Ibara ya 18, inayolinda maoni na habari, ilianza na maneno "bila ya kuathiri sheria za nchi". Maana yake, mkono wa kuume ulitoa uhuru na wa kushoto ulikuwa na sheria ya 1976. Maneno hayo yaliondolewa mwaka 2005, na leo ibara inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Katikati ya hapo Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikuwa imeshaitaja Sheria ya Magazeti kati ya sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa. Ilitajwa mwaka 1992. Ilikuja kufutwa 2016. Hesabuni wenyewe.

Lakini lililonileta mbele yenu limetokea hapahapa mjini.

Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua shauri katika Mahakama Kuu, Dodoma, dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Hukumu ilitolewa Oktoba 1994 na Jaji Kahwa Lugakingira. Wengi wanaikumbuka kwa mgombea binafsi. Mimi naikumbuka kwa jambo jingine. Siku zile ukitaka kufanya mkutano wa hadhara ulihitaji kibali cha mkuu wa wilaya. Jaji Lugakingira akauliza haki ya kukusanyika inatoka kwa nani. Inatoka kwenye Katiba. Basi kama inatoka kwenye Katiba, ofisa wa wilaya anaigawaje? Anaweza kumnyima mtu kitu ambacho hakukitoa yeye? Nalisema kwa maneno yangu, ila hoja ni yake: haki inayosubiri kibali cha mtu mwingine imegeuka kuwa fadhila. Akabatilisha sharti la kibali. Mamlaka ya polisi kulinda amani hakuyagusa. Mwenye mkutano atoe taarifa, na polisi wawe na nafasi ya kujipanga au kuzuia vurugu yenye dalili za kweli. Sheria ikarekebishwa, na kibali kikawa taarifa ya saa 48.

Kibali na taarifa, ndugu zangu. Kwa kibali, wewe unaomba na mwenzako anaamua. Akikaa kimya, kimya chake ni "hapana". Kwa taarifa, wewe unajulisha. Akikaa kimya unaendelea na kazi yako, na anayetaka kukuzuia ndiye atakayehangaika kutafuta sababu. Mzigo umehama bega.

(Nakubali kwamba maneno ya kwenye hukumu hayafiki haraka barabarani. Septemba 2012, Nyololo, Mufindi, kwa jirani zetu wa Iringa, mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini, akiripoti ufunguzi wa tawi la chama ambao polisi walikuwa wameuzuia. Askari mmoja alihukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia, mwaka 2016. Kila mwaka siku kama ya leo namtaja, na nitaendelea kumtaja.)

Sasa, kama mkutano wa watu mia tano pale Nyerere Square hauhitaji kibali bali taarifa, kwa nini gazeti lihitaji leseni?

Novemba 2016, katika mji huuhuu, Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma za Habari, Namba 12. Ilifuta ile ya 1976, na ina mazuri yake. Inamtambua mwandishi kama mtu wa taaluma. Lakini ikaleta leseni kwa magazeti, inayotolewa na Mkurugenzi wa Idara ya Habari, MAELEZO, na kanuni zilizofuata zikaifanya ya kuhuishwa kila mwaka. Zamani gazeti lilisajiliwa likawa limesajiliwa. Sasa mhariri anaandika mwaka mzima akijua kwamba mwaka ukiisha atarudi kwenye dirisha lilelile, kwa watu walewale aliowaandika. Nimekaa na wahariri. Hakuna anayepigiwa simu akakatazwa kila siku. Habari inauawa na mhariri mwenyewe saa mbili usiku, kabla ya kurasa kwenda mitamboni, kwa sababu leseni inaisha Desemba. Hilo halitangazwi katika Gazeti la Serikali, na hakuna jiwe litakalobaki juu ya turubai kuonyesha kwamba kuna kitu kimekosekana.

Watu walikwenda kudai haki Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki. Gazeti la wiki la Mseto lilikuwa limefungiwa Agosti 2016 kwa miaka mitatu, kwa kutumia kile kifungu cha 25. Juni 2018 majaji walisema amri ile imevunja Mkataba wa Jumuiya, wakaagiza ifutwe. Ushindi, ndiyo. Lakini hesabuni tena: miezi 22 ilikwishapita. Gazeti halitunziki kama mtama ghalani. Wasomaji wamehama, waandishi wameshatafuta kazi nyingine, mtambo umekodishwa kwa mwingine. Na hata baada ya hukumu halikurudi. Ilipofika Februari 2022 ndipo Waziri mwenye dhamana alipotangaza kurudisha leseni za magazeti manne, Mseto likiwemo, pamoja na Mwanahalisi, Mawio na Tanzania Daima. Msidhani hili ni jambo la magazeti ya upande mmoja wa siasa. Agosti 2021 lilisimamishwa kwa siku 14 gazeti la Uhuru, la chama tawala chenyewe. Panga la leseni halichagui shingo.

Machi 2019 mahakama ileile iliipitia Sheria ya 2016 yenyewe, katika shauri lililofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania na wenzake. Vifungu vingi vikaonekana kwenda kinyume na Mkataba: ithibati ya waandishi kama ilivyowekwa, kashfa ya jinai, habari za uongo, uchochezi, mamlaka ya Waziri ya kuzuia maudhui. Kuhusu uchochezi majaji walisema jambo ambalo kila mwandishi alishike. Kosa lile limejengwa juu ya namna wasikilizaji watakavyojisikia. Mwandishi atajuaje leo mioyo ya watu kesho itakuwaje? Sheria ambayo mtu hawezi kujua ameivunja mpaka aambiwe, hiyo ni mtego. Wenye kosa lenyewe, Waingereza, walilifuta kwao kwa sheria ya mwaka 2009. Sisi tumebaki kulitunzia urithi.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Juni 2023 Bunge, hapa Dodoma, liliirekebisha sheria ile. Kashfa ikaacha kuwa jinai. Sasa aliyechafuliwa jina atadai fidia, na mwandishi hatakwenda jela kwa ajili yake. Miaka 65 tangu Mwalimu asimame kizimbani. Adhabu kadhaa zilipunguzwa, na utaratibu wa matangazo yote ya serikali kupitia mkono mmoja ukaondolewa. Nilikuwa na furaha ya kweli siku ile. Leseni, hata hivyo, ilibaki.

Najua kuna mzee hapa ananisubiri na swali: wakili, unataka kila mtu aandike atakavyo? Hapana, mzee wangu. Na Arusha ileile ndiyo inayonifundisha kwa nini hapana. Tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, wawili waliohusika na redio ya RTLM na mmoja mhariri wa gazeti la Kangura. Redio ile ilitangaza majina ya watu, na watu wale wakafuatwa. Rufaa ya 2007 ilipunguza adhabu na kuondoa baadhi ya makosa, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyefutiwa hatia yote. Wakimbizi waliovuka mpaka wakaja kwetu tuliwaona kwa macho. Hakuna mtu katika nchi hii aniambie kwamba maneno hayaui.

Kwa hiyo mipaka ipo, na mimi ni wa kwanza kuitetea. Jina la mtoto aliyebakwa halichapwi. Mshtakiwa haitwi mwizi kabla ya hukumu. Anayewaita watu wafuate majirani zao na mapanga hana uhuru wa kulilia. Ibara ya 30 ya Katiba inaruhusu sheria kuweka mipaka kwa ajili ya haki za wengine na maslahi ya umma. Swali ni mipaka inapimwaje, na Mahakama yetu ya Rufani ilishajibu mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun: sheria inayobana haki isiwe ya kumwachia mtu mamlaka ya kuamua apendavyo, iwe na kinga dhidi ya matumizi mabaya, na isibane kuliko inavyohitajika kufikia lengo halali. Pimeni leseni ya kila mwaka kwa kipimo hicho. Lengo halali ni lipi? Kujua mwenye gazeti ni nani na anapatikana wapi, ili aliyeumizwa ajue pa kupeleka madai yake. Ni lengo zuri. Linatimizwa kwa usajili wa mara moja, karatasi moja yenye jina na anwani. Leseni inazidi hapo. Ile ziada ndiyo inayomfanya mhariri aue habari saa mbili usiku.

Tena watazameni wale wa Rwanda. Walihukumiwa mahakamani, wakiwa na mawakili, kwa ushahidi uliosikilizwa hadharani miaka mitatu. Kosa zito kuliko yote ambayo chombo cha habari kinaweza kutenda, na bado lilikwenda kwa jaji. Kama lile lilikwenda kwa jaji, habari ya mahindi haiwezi kuishia kwenye benchi la ofisi.

Ninachoomba kwa waheshimiwa wabunge walio hapa ni kidogo. Chukueni hukumu ya 1994 na muihamishie kwenye magazeti: anayeanzisha gazeti atoe taarifa, asajiliwe mara moja, na atakayetaka kulifunga aende mahakamani akathibitishe. Maneno yatakayobadilika hayajai ukurasa.

Na ninyi vijana, mkienda Kibaigwa, Mpwapwa, Bahi, Chemba, mkakutana na bwana wa benchi, msigombane naye. Salimieni. Toeni kitambulisho. Akiuliza nani amekupa kibali, mtajieni Ibara ya 18, kwa sauti ya kawaida, na muandike saa na tarehe aliyouliza. Daftari lipigeni picha kila jioni mkalitume kwa mtu mwingine. Kurasa zangu nne ningekuwa nazo mpaka leo.

Nakala za hukumu ya Jaji Lugakingira ziko meza ya nyuma, karibu na mlango wa chai. Ni ndefu; sehemu ya mikutano nimeikunjia pembe. Chukueni, na atakayekosa aniandikie jina lake, kesho nitadurufu nyingine.